Daktari Aliyechangiwa Nauli na Akina Mama

(Mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia kutoka pande za Molo, Elburgon, Njoro na Kuresoi)

  

Mliambiwa leo tutazungumza juu ya akiba na mikopo. Ni kweli, na karatasi tulikuwa tumekwisha kuandika. Lakini jambo moja lilitupata tukaiweka kando. Akiba tutaifikia, ila kwa njia ya kuzunguka kidogo, kwa hiyo mtuvumilie.

Liko boma moja, kijiji hatutataji, ambalo sisi wa ofisi ya maendeleo tulilitembelea mara nne kwa habari ya mbuzi wa maziwa. Tulihesabu mbuzi, tukapima banda, tukanywa chai, tukaandika ripoti ambayo wakubwa wetu waliisifu. Mara ya tano mvua ilitukuta uani, tukakimbilia kibanda kidogo nyuma ya jikoni. Ndani tulimkuta mama amekaa juu ya gunia, amejifunika shuka. Harufu ya mkojo ilikuwa kali. Alitaka kutoka atuachie nafasi, kwenye mvua ile.

Huyo alikuwa dada ya mwenye boma. Mumewe alimrudisha kwao miaka 11 iliyopita. Alikuwa ameumwa uchungu siku tatu nyumbani, mtoto akazaliwa amekufa, na tangu wiki ile mkojo wake haujakatika, mchana wala usiku. Kanisani haendi, sokoni haendi, kikundini haendi. Wengine walisema amelogwa, wengine walisema ni mambo ya laana. Yeye mwenyewe alifikiri hakuna mwanamke mwingine duniani mwenye taabu hiyo. Na katika madaftari yetu yote, yenye safu ya mbuzi na safu ya kuku, jina lake halikuwamo.

Tulirudi ofisini tumenyamaza. Ndipo tukaamua kuwaeleza leo habari za daktari mmoja ambaye maisha yake yote aliyatoa kwa akina mama wa namna hii. Anaitwa Denis Mukwege, wa Bukavu, mashariki ya Kongo, mahali ambapo watu wanasema Kiswahili kama sisi, ingawa chao kina ladha yake.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa. Hospitalini wanauita fistula, na wenye Kiswahili chao husema nasuri. Mtoto anapokuwa mkubwa kuliko njia, au amekaa vibaya, kichwa hukwama kwenye nyonga ya mama. Kama hakuna msaada, kinabanwa hapo siku nzima, siku mbili, siku tatu. Kichwa upande mmoja, mfupa upande wa pili, na katikati kuna kibofu cha mkojo. Nyama iliyobanwa inakosa damu, inakufa kama kidole kilichofungwa uzi, na baada ya siku chache inabanduka. Panabaki tundu. Mkojo unapita ovyo, na wakati mwingine hata choo kikubwa. Uchawi haumo, na laana haimo. Ni kukawia. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwaka kati ya wanawake 50,000 na 100,000 hupata fistula, karibu wote katika nchi maskini. Kule kwa matajiri ugonjwa huu umebaki vitabuni.

Dawa ya kuuzuia ni mama kufika mapema mahali panapoweza kumpasua na kumtoa mtoto. Na hapa lazima tuseme jambo, kwa sababu bado tunasikia kwenye vikundi vyetu kwamba mama aliyepasuliwa eti ni mvivu, hakuzaa kwa nguvu zake, au kwamba upasuaji ni mambo ya wazungu. Sikilizeni. Mwaka 1879 mgeni mmoja kutoka Uingereza, Robert Felkin, aliyekuwa akisomea udaktari, alikuwa Bunyoro, hapo Uganda. Aliona mganga wa Kinyoro akimpasua mama. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi apunguze maumivu, na pombe hiyo hiyo ikatumika kuosha mikono na tumbo. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Jeraha likafungwa kwa sindano ndogo za chuma na uzi wa gome la mti, kisha likapakwa dawa ya mizizi iliyosagwa. Mama alipona na mtoto alipona. Felkin aliyaandika hayo mwaka 1884 katika jarida la madaktari la Edinburgh.

Wakati ule ule huko Ulaya mama aliyepasuliwa kwa kawaida alikuwa maiti, maana madaktari waliogopa kuushona mfuko wa uzazi, wakauacha wazi ndani ya tumbo. Aliyewabadilisha mawazo ni Mjerumani wa Leipzig, Max Sänger, mwaka 1882, akiwa hajafika miaka 30. Alisema mfuko ushonwe kwa uangalifu, kwa nyuzi za fedha na hariri, na akaonyesha kwamba akina mama wanaishi. Upasuaji wa leo pale Nakuru umetoka katika mlango alioufungua yeye. Basi mtu akikuambia kupasuliwa ni mambo ya wazungu, mwambie Wanyoro walikuwa wakipasua kabla Mjerumani hajatoa fundisho lake.

Sasa turudi kwa Mukwege.

MTOTO WA MCHUNGAJI

Alizaliwa Bukavu tarehe 1 Machi 1955, wa tatu katika watoto tisa. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba karibu afe akiwa na siku chache tu, kwa sababu kitovu kilikatwa vibaya kikaoza. Mama yake alimbeba kwenda kwenye zahanati zilizokuwapo, na zilikuwa za masista wa Kikatoliki. Wakamkataa, kwa kuwa alikuwa mtoto wa Mprotestanti. Aliyemwokoa ni mmisionari mmoja wa kike kutoka Sweden, aliyewashika masista na kuwasihi mpaka mtoto akapokewa na kudungwa dawa.

Tungeweza kuiruka hadithi hii, maana sisi ni Wakatoliki na haitupendezi. Tumeona tuiseme. Mtoto yule angekufa mlangoni petu.

Akiwa na miaka kama minane alikuwa akifuatana na baba yake kuwaombea wagonjwa. Siku moja waliitwa kwa mtoto mchanga aliyekuwa taabani. Baba akaomba, wakaondoka. Kijana akamwuliza, baba, mimi nikiumwa unaniombea na pia unanipa dawa, mbona huyu hukumpa? Baba akajibu kwamba yeye si daktari. Hapo kijana akasema basi yeye atakuwa muganga, na baba atakuwa mtu wa kuomba, wafanye kazi pamoja. Huko kwao muganga ni daktari wa hospitali. Kwetu neno hilo limeharibika kidogo, mnajua wenyewe.

Alisomea udaktari Burundi akamaliza mwaka 1983. Alitaka kuwa daktari wa watoto. Wakampeleka Lemera, hospitali ya misheni huko milimani, kusini ya Bukavu. Lemera ndiyo iliyombadilisha. Alikuwa akiona akina mama wanaletwa wamebebwa kwa machela, wametembea masiku, damu imekwisha mwilini, mtoto amekwisha kufa tumboni. Wengine waliishi, lakini na tundu lile tulilolieleza. Akaona kwamba kutibu watoto huku mama zao wanakufa njiani ni kazi nusu. Akaenda Ufaransa, mji wa Angers, kusomea magonjwa ya akina mama na uzazi.

Wenzake kule walimtaka abaki. Mshahara ulikuwepo, nyumba ilikuwepo, watoto wangesoma shule nzuri. Mwaka 1989 alirudi Lemera. Sisi tunaofanya kazi hizi tunawajua vijana wetu wengi, tena wenye akili, walioenda na hawakurudi, na hatuwalaumu sana. Lakini huyu alirudi milimani, mahali ambapo mgonjwa hulipa kwa kuku au halipi kabisa. Na hakutaka kazi iwe yake peke yake. Alifundisha wakunga, na vituo vidogo vikawekwa vijijini ili mama asingoje mpaka abebwe.

VITA

Tarehe 6 Oktoba 1996 watu wenye silaha waliivamia Lemera. Waliua zaidi ya watu 30, wagonjwa wakiwa vitandani na wauguzi pamoja nao. Daktari hakuwapo siku hiyo, alikuwa ametoka na mgonjwa. Fikirini mtu anarudi akute kitanda alichomwacha mgonjwa wake amesema asante, na sasa ndipo alipouawa. Alikimbilia hapa kwetu Kenya, Nairobi. Pengine wengine wetu tulipishana naye barabarani, tukaona ni mkimbizi mwingine tu.

Akarudi tena. Bukavu ikawa imejaa wakimbizi wa ndani, na akina mama walikuwa wakijifungua bila mtu wa kuwasaidia. Alianza na mahema. Vita vya pili vya 1998 vikayaharibu. Akaanza upya, kwa msaada wa makanisa ya Kipentekoste ya kwao na marafiki wa Sweden, katika mtaa uitwao Panzi. Hospitali ya Panzi ilifunguliwa mwaka 1999. Shabaha ilikuwa wodi ya uzazi.

Mgonjwa wa kwanza hakuja kujifungua. Alikuwa mama aliyebakwa na wanaume wengi wenye bunduki, kisha wakampiga risasi sehemu zake za uzazi. Daktari alifikiri ni unyama wa mara moja, wa watu walevi. Miezi mitatu baadaye walikuwa wamekuja wanawake 45 wenye hadithi ile ile. Hapo akafahamu kwamba hii ilikuwa silaha ya vita. Ukitaka watu waache ardhi yao yenye madini, usiwaue wote. Waharibu wanawake mbele ya waume na watoto wao, na kijiji chenyewe kitahama.

Tundu walilokuwa nalo wanawake hawa lilikuwa kama lile la uchungu mrefu, ila hili lilitobolewa kwa makusudi. Ujuzi aliousomea kwa ajili ya akina mama wa Lemera ndio alioutumia kuwashona hawa. Amewatibu yeye na wenzake makumi ya maelfu. Mwaka 2015, akiwa na miaka 60, alipata shahada ya juu kabisa huko Brussels kwa utafiti wa majeraha haya.

Sasa msikie jambo ambalo kwa vikundi vyetu ni kubwa kuliko upasuaji. Daktari aliona kwamba mama anashonwa vizuri, anapona mwili, halafu anakaa kitandani anaangalia ukuta. Arudi wapi? Mume amemfukuza, shamba limechukuliwa, na waliombaka wanapita barabarani. Kwa hiyo Panzi waliweka miguu minne chini ya kiti. Wa kwanza matibabu. Wa pili mtu wa kumsikiliza na kuutuliza moyo. Wa tatu riziki. Wa nne sheria, yaani wakili wa kumsaidia kushtaki akitaka. Ukitoa mguu mmoja, kiti kinaanguka na mama yuko juu yake.

Mguu wa riziki mnaujua ninyi kuliko daktari. Wana nyumba iitwayo Maison Dorcas, kwa jina la yule Dorkasi wa Matendo ya Mitume aliyewashonea wajane nguo. Wanawake hujifunza kushona, kusuka vikapu, kutengeneza sabuni, kusoma na kuandika. Kisha huingia kwenye vikundi vya akiba wanavyoviita MUSO. Kila mmoja anaweka kidogo kila wiki, wanakopeshana, na kipo kisanduku kingine cha shida za ghafla. Tuliposoma hayo tulicheka, maana ni nyinyi kabisa! Tofauti ni kwamba kule mtu akikaa kwenye duara la kikundi hakuna anayemwuliza yaliyompata, na hakuna anayesogeza kiti mbali naye.

NAULI

Mwezi wa Septemba 2012 Mukwege alisimama kwenye Umoja wa Mataifa, New York, akawaambia wakubwa wa dunia wazi wazi kwamba wameyaacha mambo ya Kongo yaendelee. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Oktoba, alirudi nyumbani jioni akakuta watu wenye bunduki wamewashika mabinti zake wakimngoja. Mlinzi wake, Joseph Bizimana, rafiki wa miaka mingi, alijitokeza kumkinga, wakampiga risasi akafa. Daktari alianguka chini, risasi zikampita. Aliichukua familia yake wakakimbilia Ulaya.

Nani angemlaumu kama angebaki?

Ndipo tunafika kwa akina mama wa Idjwi. Idjwi ni kisiwa katika ziwa Kivu. Wengi wao ni wakulima wadogo, mtu ambaye mapato yake ya siku hayafiki dola moja. Walimwandikia rais wa nchi barua, arudishwe daktari wetu na alindwe. Jibu halikuja. Basi wakasema, serikali haina haraka, sisi tunayo. Wakaanza kuuza mananasi, matunda na mboga, na fedha wakaziweka pamoja kwa ajili ya tikiti ya ndege. Tikiti ya ndege kutoka Ulaya, jamani, kwa nanasi! Na juu ya ulinzi walisema watamlinda wao wenyewe kwa zamu, usiku na mchana.

Daktari amesema mwenyewe kwamba hilo ndilo lililomshinda. Tarehe 14 Januari 2013 alishuka kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu. Mpaka Bukavu ni kama kilomita 30, na njia nzima watu walikuwa wamejipanga wakiimba. Kwa miaka iliyofuata aliishi ndani ya uwanja wa hospitali, akilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa.

Mengine mlisikia redioni. Tarehe 5 Oktoba 2018 ilitangazwa kwamba amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad, binti wa Iraq aliyetekwa utumwani akaokoka na kusema. Habari zilimkuta chumba cha upasuaji akifanya kazi. Desemba 2023 aligombea urais wa nchi yake na hakupata hata asilimia moja ya kura. Kuna waliomcheka. Sisi tunasema mtu anaweza kuwa mshonaji mzuri na asijue kuuza nguo. Na Februari 2025 mji wa Bukavu ukaingia mikononi mwa waasi wa M23. Hospitali ya Panzi iliendelea kupokea wagonjwa.

NA HUKU KWETU

Mtasema hayo ni ya Kongo, kwenye vita. Basi tukumbuke wenyewe mwisho wa Januari 2008, Nakuru na Naivasha, na kabla ya hapo Molo na Kuresoi. Wengi mlioketi hapa mlilala uwanjani au kwenye ua wa kanisa. Tume ya Jaji Waki iliandika katika ripoti yake ya 2008 juu ya wanawake waliobakwa siku zile, na wanaume pia, na ikasema wengi hawakwenda popote kushtaki. Nyumba zilizochomwa zilihesabiwa, ng'ombe walihesabiwa. Mwanamke aliyebakwa alijihesabu peke yake. Ilikuwa Desemba 2020, karibu miaka 13 baadaye, ndipo Mahakama Kuu ilipoamua wanne wa waliokuwa wameshtaki walipwe shilingi milioni nne kila mmoja. Wengine katika kesi hiyo hiyo hawakupewa kitu.

Haya ya kubakwa hayakwisha na 2008, mnajua. Yako majumbani, tena kwa ndugu. Likitokea, kikundi kijue hivi: hospitali kwanza, kabla ya saa 72 kupita, maana dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi baada ya hapo haisaidii. Asioge. Nguo zisifuliwe, zifungwe kwenye gazeti au bahasha ya karatasi. Daktari atajaza fomu yake, na ile ya P3 itoke polisi. Na wazee, tafadhali, mbuzi wawili wa suluhu chini ya mti si sheria. Sheria ya Makosa ya Kingono ipo tangu 2006. Tukisikia mzee wa kikundi chetu amekalia kikao cha namna hiyo, hatutakaa naye meza moja.

Kwa fistula ya uchungu, nchini Kenya makadirio yanayotajwa mara nyingi ni wanawake kama 3,000 kila mwaka. Hatuhitaji kwenda Bukavu. Eldoret hapo juu daktari Hillary Mabeya na wenzake wa Gynocare wamewashona wengi. Addis Ababa iko hospitali ambayo daktari Catherine Hamlin na mumewe Reginald waliifungua mwaka 1974, na yeye aliwatumikia akina mama wa Ethiopia mpaka alipofariki Machi 2020. Wengi wakipasuliwa na mtu aliyefundishwa kazi hiyo wanapona. Lakini mgonjwa aliye nyuma ya jikoni hajui habari hizi, na redio yake ni ninyi.

Sasa akiba, tuliahidi. Kikundi cha watu 30, kila mmoja akitoa shilingi 20 kwa wiki mbali na mzunguko wa kawaida, kwa majuma 13 ni shilingi 7,800. Ulizeni ninyi wenyewe gari la kukodi kutoka kwenu mpaka Molo usiku wa mvua ni kiasi gani, muone kama zinatosha. Mapatano na mwenye gari yafanywe mapema, mchana, kabla mtu hajaumwa. Saa nane za usiku bei ni nyingine na dereva naye ana usingizi. Mama akipitisha saa 12 za uchungu bila kujifungua, kisanduku kifunguliwe. Kisingoje mwenyekiti arudi kutoka mazishini, wala mume atafutwe mpaka kilabuni ndipo akubali. Haya mambo mawili ndiyo yanayoua zaidi huku kwetu kuliko matope ya barabara, na tunayasema tukiwa tumeyaona.

Mzee mmoja aliuliza kama mfuko huu ni wa akina mama walio wanachama tu. Tulijadiliana naye kwa muda, na mengine ya kikatiba mtayamaliza vikundini mwenu. Sisi maoni yetu ni kwamba mama yule wa kwenye kibanda hakuwa mwanachama wa kitu chochote.

Na mliouliza habari zake: alipelekwa, akapasuliwa. Tundu lilikuwa kubwa na la zamani, halikuziba lote mara ya kwanza. Mkojo umepungua lakini bado. Daktari amesema arudi mwezi wa Agosti ashonwe mara ya pili. Nauli tunayo. Hatuna mtu wa kukaa naye majuma mawili, maana nyumbani hakuna anayekubali kwenda, na mara ya kwanza alikaa wodini peke yake. Tunatafuta mama mmoja, asiwe na mtoto mchanga, anayeweza kuacha shamba siku hizo. Atakayeweza aje atuone hapa mbele kabla ya chai.